Shangazi Hakuteleza Mkono

Nimemkosea Shangazi. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na sifa, najijua, nitaishia kwenye sifa.

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Shangazi wa karakana ya vichwa anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda chetu cha mabomba ya baharini. Walionipa kazi ya kuandika haya kwenye jarida la kiwanda walisema, "Wewe ndiye mwanafunzi wake, nani anamjua zaidi?" Kweli namjua. Ndiyo maana kalamu imekuwa nzito.

Kwa familia yake, ambao labda hawajawahi kuingia humu, bomba letu si lile gumu la maji ya nyumbani. Linapinda, ili mawimbi yakilisukuma huku na huku chini ya jukwaa la mafuta lisivunjike. Ndani lina utumbo wa chuma, juu yake plastiki, kisha nyaya bapa za chuma tabaka mbili, moja imezungushwa kulia, nyingine kushoto. Nje kabisa linavaa koti la plastiki. Koti likitoboka, maji ya chumvi yanaingia na nyaya zinaoza kimyakimya. Mwisho wa bomba hufungwa kichwa, yaani lile pande la chuma linaloliunganisha na jukwaa. Shangazi ndiye aliyekuwa bingwa wa vichwa.

Alikuwa analikata koti kwa kisu, anazifungua nyaya mmoja mmoja kama anayefumua nywele, anazikunja nyuma, kisha anazirudisha mahali pake kabla ya kumimina gundi. Ukizikunja kwa pupa zinachoka, na waya uliochoka hukatika baharini. "Waya ni kama mkwe," alitufundisha. "Ukimkunja sana, hasahau." Akimaliza, anagonga muhuri wake kwenye kichwa: alama ya sindano. Kila fundi ana alama yake, na kichwa chenye sindano hakikuwahi kurudishwa.

Jina Shangazi alijipa mwenyewe. Siku ya kwanza mafundi walimwita mrembo. Akawajibu, "Niiteni shangazi, mtajiheshimu wenyewe." Tukajiheshimu.

Kile kikapu mlangoni pia ni chake. Hakuna kulisogelea bomba ukiwa na saa, pete, funguo wala mkanda wenye chuma, maana vyote hukwaruza koti. Ukikaribia tu, unasikia "Vua!" Meneja mmoja alijitetea kwamba pete yake haijatoka kidoleni tangu harusi. Shangazi akamletea sabuni.

Sasa nifike nisipopenda kufika.

Miaka sita iliyopita tulipata wageni wa kutupiga picha. Nilikuwa nimenunua mkanda mpya, chuma chake kikubwa kama kiberiti. Niliona nikiuvua suruali itaning'inia kwenye picha, basi nikashusha shati juu yake, nikakipita kikapu. Mpiga picha akaniambia niinamie bomba nijifanye navuta waya. Nikainama. Nikasikia kitu kinakwaruza tumboni kwangu.

Wageni walipoondoka niliangalia. Koti lilikuwa limechanika, kiganja kimoja tu kutoka pale Shangazi alipokuwa amekata asubuhi. Nikapasha chuma moto, nikayeyusha plastiki, nikafunika, nikasugua hadi kovu halionekani. Nilijiambia imeshika.

Haikushika. Kwenye majaribio hewa inasukumwa ndani ya koti, na mwenzetu tunayemwita Fundi Mapovu anapaka maji ya sabuni nje. Alipofika pale, mapovu yakaja kama sufuria inayochemka. Kazi ikasimama.

Hakuna aliyemshtaki Shangazi. Angeshtakiwa, labda ningesema. Alijishtaki mwenyewe. Alitazama mahali pale, akatazama kisu chake, akasema, "Ni mimi. Nilikuwa nakata hapa. Macho yameanza kuniaga, wanangu." Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, mkanda bado uko kiunoni. Nikaangalia sakafu.

Bomba lilikatwa, likafungwa kichwa kingine. Baharini halikumdhuru mtu. Lakini siku hiyohiyo Shangazi alitoa muhuri wa sindano kwenye mfuko wa aproni, akauweka mezani kwa Meneja, akaomba kazi isiyo na kisu. Akapelekwa stoo ya glovu. Meza yake nikapewa mimi.

Stoo hiyo aliigeuza mahali pa kucheka, hilo mnalijua. Ni yeye aliyeanza kuunganisha glovu za kushoto zilizobaki wajane, akiita kazi hiyo ushenga. Alinunua miwani. Kila asubuhi nikipita ananiuliza, "Mwanangu, vichwa vinaendeleaje?" Najibu vizuri, Shangazi, huku miguu inaharakisha.

Mwezi uliopita nilimkuta anashona aproni iliyochanika. Miwani ilikuwa juu ya paji la uso. Alitia uzi kwenye tundu la sindano mara moja, hata hakukunja jicho. Aliponiona akaishusha haraka, kama mtu aliyefumaniwa, akasema, "Mbali ndiyo tatizo." Miaka sita mtu anabeba ugonjwa wa macho niliomwambukiza mimi kwa kunyamaza.

Leo asubuhi nimemweleza Meneja. Akafungua droo, akanipa muhuri wa sindano. Adhabu yangu ataiamua yeye, na si habari ya jarida hili. Nakala ya kwanza ya haya nitampelekea Shangazi mwenyewe kule stoo, kabla hamjaisoma ninyi.

Shangazi, asante kwa vichwa vyote vilivyo baharini ambavyo havijawahi kumkosesha mtu usingizi. Asante kwa kikapu. Nenda nyumbani ukapumzike, ule vizuri, ucheke na wajukuu, ukijua mkono wako haukuteleza hata siku moja.

Bomba lililo mezani sasa nimelifungua nyaya, sijazirudisha. Alhamisi, kabla ya kengele ya chakula, nitavua mkanda mbele ya kikapu, niyaseme haya kwa mdomo wangu zamu zote mbili zikisikia, nikukabidhi sindano yako. Ukikubali, kichwa hicho utakifunga wewe, na taa nitakushikia mimi. Ukikataa, pia ni haki yako, nitakuwa nimeshasema.