Hawakumng'oa Mwanangu Meno ya Plastiki

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana hiyo amina ya kwanza ilikuwa ya usingizini. Kamwene, ndugu zangu. Mimi ni mama Upendo, muuza viazi wa pale Nyololo barabarani. Wengine mnaniita mkaidi. Leo nimesimama kumshukuru Mungu kwa ukaidi huohuo.

Sikuzaliwa hivi. Nilipoolewa nilikuwa naitikia kila kitu. Upendo alipofikisha miezi minane akaanza kuhara majimaji matupu na kutapika. Baba yake alikuwa Ubaruku kwenye mavuno ya mpunga. Mama mkwe akaniambia nimnyime mtoto maji, eti maji ndiyo yanayoongeza kuhara. Nikamnyima. Akasema maziwa yangu yamechacha kwa kushinda juani. Nikaacha kunyonyesha. Mimi, kwa mikono yangu hii! Mtoto analilia ziwa, nami nageuza uso. Mungu anisamehe.

Siku ya pili mama mkwe akamfunua ufizi, akaonyesha vivimbe vyeupe. Akasema hayo ni meno ya plastiki, yasipong'olewa mtoto anakufa. Jamani, yalikuwa meno yake ya kawaida yanajiandaa kuota! Lakini nani alijua? Akaitwa bibi mng'oaji, akaja asubuhi na spoku ya baiskeli iliyonolewa, ameiviringisha kwenye kitambaa. Majirani wakajaa uani. Mume wangu akapigiwa simu, akasema nikimkaidi mama yake nijue pa kwenda.

Wakaniambia nimshike miguu. Nikamshika, ndugu zangu, sitawadanganya. Upendo akalia. Nikamwangalia: analia bila machozi, hata tone. Ulimi mkavu. Hapo nikakumbuka maneno ya nesi siku ya chanjo, kwamba mtoto anayehara akilia bila machozi amekaukiwa maji, akimbizwe zahanati. Kitu kikaniinua, nikaiachia miguu yake. Mimi nasema alikuwa Roho Mtakatifu. Mama mkwe hadi leo anasema kilikuwa kiburi.

Nikasema, "Mama, chuma hicho hakiingii kinywani mwa mwanangu. Kama ni kunifukuza, nifukuzeni."

Nikamfunga mgongoni, nikapita katikati yao, mguu niponye hadi zahanati.

Nesi alinigombeza, na nilistahili. Akachanganya paketi ya ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, akanikabidhi kijiko. Kijiko baada ya kijiko. Mtoto akitapika, nasubiri dakika kumi, naanza tena polepole. Ziwa nimpe kila anapolitaka, maana ziwa halichachi. Akanipa na vidonge vya zinki vya siku kumi, nivimalize hata kuhara kukikoma. Nikakaa kwenye benchi la zahanati kutwa nzima. Jua limeanza kuinama, nikasikia joto mapajani. Upendo amenikojolea! Maji yamemrudia mwilini! Nikapiga vigelegele peke yangu, watu wakadhani kuna mtu amejifungua.

Mume wangu alirudi akamkuta mtoto anatambaa. Alichukua sufuria akachemsha mwenyewe maji ya mtoto, nami nikaelewa kwamba hiyo ndiyo samahani yake.

Baridi ya mwezi wa saba ilipokaza, Upendo akapata kikohozi. Mama mkwe na majirani wakaja tena, safari hii wanataka kumkata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni! Nikawauliza kimeo kimewakosea nini. Nikamnyonyesha zaidi, nikampa uji wa vuguvugu, nikatoa jiko la mkaa chumbani. Kifua chake nilikuwa nakichungulia kila saa. Mtoto akipumua harakaharaka, au kifua kikibonyea akivuta pumzi, au akigoma kunyonya, hapo nyumbani hapana tena, ni hospitali. Chake hakikubonyea. Kikohozi kikaisha.

Ndugu zangu, Mungu hakuniokoa na kuhara tu. Aliniokoa na kuogopa watu, na woga huo ndio uliokuwa unamuua mwanangu. Mtumainini Yeye, ila kijiko mkishike wenyewe. Kama kuna mama humu, mtoto wake anahara na ameshaambiwa habari za meno, asione haya. Nyumba yangu iko nyuma ya mashine ya kusaga. Njoo naye mgongoni, twende zahanati wote. Wakitufuata njiani, wewe tembea tu, usigeuke. Mimi nitabaki nyuma kuongea nao.