Siku Bendera Ilipoanguka

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Wale wa nyuma musijali, mi hata nikikaa munaniona. Urefu huu ndio uliniingiza kwenye kikosi cha heshima cha wazima moto, hapa Bujumbura, wakati wa vita. Tulibeba majeneza ya wenzetu waliokufa kazini. Glavu nyeupe, viatu vinang'aa, hatua moja. Kazi ile niliijua, sitawaficha.

Wabebaji hupangwa wawili-wawili kwa kimo, ili jeneza lisilale upande. Wangu alikuwa rafiki yangu, mrefu kama mi. Siku moja, tukizima nyumba inayowaka mtaa wa Gihosha, ukuta ukamuangukia. Akafa palepale.

Asubuhi ya kumzika nilikunywa urwarwa, pombe ya ndizi, ili mikono itulie. Komanda alinipanga na mwenzangu mfupi, kwa hiyo ilinipasa kukunja magoti njia yote. Mi nikatembea wima, kama rafiki yangu bado yuko upande ule. Jeneza likalala upande, bendera ikateleza mpaka kwenye vumbi. Mjane wake ndiye aliyeiokota. Ndugu zangu, nawaambia, nilitamani ardhi inimeze.

Nilitolewa kwenye kikosi. Nikabaki kuosha magari ya maji, na kunywa. Hata njia ya Buyenzi niliiacha, kwa sababu yule mama mjane alikuwa anashona nguo pale.

Miezi ikapita. Mchana mmoja akaja mwenyewe kituoni, watu wote wanaangalia.

"We murefu, unanikimbia sababu gani?"

"Mama, nilimuangusha bwana yako."

"Apana. Bendera ndiyo ilianguka, na mi niliokota. We nani atakuokota, ukiendelea kujificha?"

Akatoa mfukoni kitu alichoshona: kimto cha bega, kitambaa cheusi kimejazwa pamba.

"Mupe mwenzako mufupi avae ndani ya koti. Lakini usibebe tena mutu ukiwa umelewa."

Nililia mbele ya wenzangu. Nikaenda kwa komanda, nikamwambia kweli yote. Kumbe alijua! Akaniwekea sharti: kila asubuhi mi na yule mfupi tubebe jeneza la mazoezi, limejaa mchanga, tuzunguke kiwanja. Kwanza ananinusa mdomo, mutu mzima mimi! Wiki za mwanzo mikono ilitetemeka sana. Halafu ikaacha.

Tulipomzika mwenzetu mwingine, nilirudi mahali pangu. Jeneza lilikwenda sawa toka langoni mpaka kaburini. Bendera niliikunja mimi, nikamkabidhi mama wa marehemu. Moyo wangu ulijaa.

Namshukuru yule mama wa Buyenzi, komanda, na yule mfupi aliyevumilia harufu yangu. Na nyinyi mulioacha pombe juzi: kama mikono inatetemeka, mwambieni aliye upande wa pili mbele ya kunyanyua. Mi nilinyamaza, nikamharibia rafiki yangu safari yake ya mwisho, na siku ile siwezi kuitengeneza. Lakini toka hapo nimebeba wengi, na sijaangusha mutu.