Neno "Seli" Lilipofika Kijiweni

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la kinyozi, na mwenye duka tunamwita Wembe. Jumatatu ile alirudi kutoka kliniki na karatasi mkononi. Alisema daktari ameujua ugonjwa wa bintiye wa miaka minne, anayekohoa bila kukoma na kula bila kunenepa: protini moja ina kasoro kwenye utando wa seli. Kahawa ilikuwa bado ya moto. Mimi, Mungu anisamehe, ndiye niliyetangulia kufungua mdomo.

— Protini si mayai hayo? Mpe mawili asubuhi, mawili jioni.

— Mayai ya nini! alisema Bondia, aliyepigana ulingoni mara moja tu, akapigwa. Hukusikia utando? Nyumba ina buibui hiyo. Fagia dari!

— Sikilizeni lugha, nyie, alisema Kamusi, karani mstaafu. Kasema utando wa seli, siyo wa dari. Seli ni mahabusu. Wembe, si uliwahi kulala ndani wewe?

— Siku tatu. Kabla mtoto hajazaliwa. Nilisingiziwa.

— Ndo hiyo sasa! akadakia Kamusi. Ulivuta utando wa kule kifuani, ukamletea mtoto.

— Na shemeji, mama mtoto, yeye je? nikauliza.

— Si alikuwa anampelekea chakula? Akavutia mlangoni!

Tukacheka. Nilimwona Wembe hacheki, na bado nikacheka.

— Kesho kutwa tumeitwa tena, akasema. Siendi. Niambiwe mbele ya mama yake kwamba ni mimi?

Dada mmoja mgeni, aliyekuwa akingoja kupunguzwa nywele, akanyoosha mkono.

— Kaka, nione karatasi. Kazi yangu ni maabara, tunachunguza maumbo ya protini kama hizi. Seli hii si ya polisi. Seli ni chembe ndogo za mwili, na kila moja ina ngozi yake nyembamba, ndiyo utando. Humo protini inakaa kama mlango, inapitisha chumvi. Ya mtoto ina hitilafu. Amezaliwa nayo. Hukumwambukiza.

— Kwa hiyo mayai...? nikauliza kwa aibu.

— Ale tu. Ila mlango hayatengenezi.

Akaigeuza karatasi nyuma na mbele.

— Hapa hawakuandika. Daktari alisema mlango haupo kabisa, au upo ila haufunguki? Maana kuna dawa za kuusaidia kufunguka, lakini mlango usiokuwepo haziufungui.

 

— Sikuuliza, alisema Wembe. Niliposikia seli, masikio yaliziba.

Akavua aproni, akanitupia mapajani, akachukua karatasi yake. Kliniki iko mtaa wa pili, na daktari huondoka saa sita. Alikwenda mbio mbio huku midomo ikicheza. Nilidhani anasali, hadi aliponipita:

— Haupo, au upo haufunguki? Haupo, au upo haufunguki?