Kilima cha Kupimiwa Walimu

Tulikuwa ndiyo kwanza tumeiacha Njombe, Coaster inaelekea Makambako, mama mwenye ndoo ya parachichi alipomgeukia kijana aliyekaa kando yake.

"Naona chaki kwenye koti, mwalimu. Jumatano asubuhi hii, darasani yuko nani?"

"Mama, nakwenda kupimwa utendaji. Siku hizi kila kipindi tunakiingiza kwenye mfumo kwa simu, na shuleni kwetu mtandao haushiki. Mpaka kilimani kule mbele."

"Leo unaingiza nini?"

"Kwamba nipo darasani, nafundisha kugawanya."

Nilijikohoza, maana kucheka kungeonekana utovu wa adabu.

"Na usipoingiza?"

"Nahesabiwa mtoro."

"Mjukuu wangu yuko la tano, kugawanya hajui!"

"Mfumo haumuulizi yeye, mama. Mimi mwaka jana nilipata asilimia tisini na nane. Konda, shusha mtandao!"

Gari likasimama. Kilimani, ndani ya ukungu, walimu kadhaa walikuwa wameinua simu juu kama wako kwenye maombi.

"Yule mwenye kofia ndiye mwalimu mkuu wetu," kijana alisema kwa fahari, akishuka.

Mama akachungulia dirishani. "Sasa huko shuleni kengele anagonga nani?"