Ikipoa, Naenda

Hapa kijiweni, mbele ya duka la rangi, mimi ndiye mmimina kahawa, kwa hiyo kila upuuzi naupata wa moto na siwezi kuondoka. Wiki ya tatu sasa hoja ni moja: pikapu ya mwenzetu Mwendokasi. Tangu aifungie turbo, ikipanda mlima inakohoa. Mkewe amerudi kwao, huko juu mlimani, mwezi wa nne huu. Mwendokasi ameapa atamfuata pikapu ikikaa sawa. Plagi mpya nne za kuwashia injini anazo mapajani, lakini plagi hazifunguliwi injini ikiwa ya moto, utaharibu nyuzi za matundu zinamokazwa. Basi tunangoja ipoe.

Volteji, fundi umeme wa majumbani, ndiye aliyeanza.

— Hizo ni plagi baridi kweli? Turbo inaongeza joto, unataka plagi inayolitoa haraka.

— Ni baridi. Nimebadilisha dukani mara mbili.

— Na pengo lake? Libane kidogo. Likiwa pana, upepo wa turbo unazima cheche.

Profesa, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akakohoa.

— Baridi ikizidi, injini inapata mafua.

— Lo! Mafua tena? alidakia Volteji.

— Tena hizo nne lazima ziwe zimezaliwa siku moja. La sivyo zinasusiana, moja inagoma kuwaka mpaka ibembelezwe.

— Profesa, kunywa kahawa yako, nikamwambia.

Mwendokasi alicheka kidogo.

— Mke wangu alikuwa anaujua mlio wa pikapu hii tangu kona ya kwetu. Nikifika, geti liko wazi. Sitaki asikie ikikohoa. Nimemkumbuka, jamani. Hata kelele zake za kunitoa chini ya boneti nimezikumbuka.

Akainuka, akaiwasha. Akaiacha ingurume dakika tano nzima, sikio kwenye boneti.

— Bado, alisema, akazima. Tungoje ipoe.

Tukaitikia kwa vichwa, kama kawaida yetu.

Dada mshonaji, aliyehamia chumba cha jirani juzi tu, alikuwa amesimama na kikombe chake.

— Samahani, kaka zangu. Kama mnangoja ipoe, mbona ameiwasha?

Volteji alimtazama Profesa. Profesa akatazama ndani ya kikombe. Na mimi, wiki tatu namimina hapa, sikuwahi kuuliza. Nikainua birika nijifanye nina kazi, kumbe ni tupu.

Mwendokasi aligeuza boksi la plagi mikononi.

— Nikishazifunga, dada, itabidi niende. Na akinikatalia pale getini, sitakuwa tena na cha kutengeneza.

Akachomoa ufunguo mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha yule dada.

— Nishikie. Nikiuomba kabla ya saa kumi, kabla haijapoa, usinipe.