Nilivyoitwa Mchawi kwa Ajili ya Kinanda

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hapa Korogwe, asifiwe na kule Handeni nilikoitwa mchawi!

Mnanijua kama mpiga kinanda wenu wa kanisani. Leo sijakaa kwenye kinanda, nimesimama mbele yenu, maana nina neno linalonitoa machozi.

Nilikuwa boi wa nyumbani kwa meneja wa shamba moja la mkonge, upande wa Ngombezi. Mke wa meneja alikuwa na kinanda ambacho ninyi hamjapata kukiona. Si kama hiki chetu cha kukanyaga kwa miguu. Kile kilikuwa cha nyuzi. Ukibonyeza, kijiti kinaruka ndani, na ncha ya unyoya iliyochongwa inakwaruza uzi. Ndiyo, unyoya wa ndege! Joto letu liliyavunja manyoya yaliyotoka Ulaya, yule bibi akakata tamaa. Nikajaribu ya kuku, yakalegea. Nikaokota ya kunguru pale machinjioni, nikayachonga. Kinanda kikaita! Tangu hapo nikawa fundi wake. Akanifundisha kukaza nyuzi, halafu akanifundisha kupiga.

Ndugu zangu, nilikuwa na vidole! Wazungu walishuka kutoka Lushoto, wakapita Mombo na vumbi lake lote, kuja kumsikiliza boi. Kichwa kikanivimba. Wakata mkonge wa kambini kwetu nikawa siwasalimu vizuri. Mjinga mimi!

Nilikuwa na mke, Rebeka, na mtoto mmoja, Yohana, wa miaka mitatu. Siku moja ya wageni, mchana, Rebeka akaja mlango wa jikoni na mtoto mgongoni.

"Baba Yohana, mtoto anachemka. Ameshikwa na degedege mara mbili. Waombe gari twende hospitali."

Gari la shamba halikutoka bila ruhusa ya meneja, na meneja alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye kiti changu. Neno moja tu lingetosha! Lakini wageni walikuwa wamekwisha kukaa kunisikiliza, nami niliona haya kuwakatiza kwa habari za homa.

Nikamwambia, "Ngoja wageni waondoke, mama Yohana. Si muda mrefu."

Nikarudi ndani, nikapiga. Walinipigia makofi, nikainama kama nilivyofundishwa. Nilipotoka kwenda jikoni Rebeka hakuwapo. Alikuwa ameondoka kwa miguu. Yohana alikata roho njiani, juani, mgongoni mwa mama yake. Ee Bwana!

Shemeji zangu, kaka zake Rebeka, walikuja msibani kutoka Chanika, kule Handeni. Mnajua desturi, vyombo vyote hutolewa nje ili waombolezaji wapate pa kukaa. Walipoinua kitanda changu wakakuta mfuko umejaa manyoya ya kunguru.

"Shemeji, haya nini?"

"Ya kinanda."

"Kinanda gani kinachokula kunguru? Mtoto yuko kaburini na wewe unatuletea mzaha?"

Nani angeniamini? Kinanda kile kilikuwa sebuleni kwa Mzungu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika huko. Wakaniita mchawi, wakamchukua Rebeka, wakaenda naye Chanika. Watu wa kambini wakanikimbia. Meneja na mkewe wakarudi kwao, kinanda kikabaki stoo, mchwa wakakimaliza.

Mimi nikaingia kwenye pombe ya miwa. Miaka mingi, ndugu zangu! Kila aliyekaa karibu nami nilimwambia, "Sikumroga mwanangu! Nimeonewa!" Na ni kweli nilionewa. Niliushika uonevu ule kwa mikono miwili, maana ulinifaa.

Ndipo mwalimu wa kanisa hili akaniita nishone mifuko ya hewa ya kinanda hiki, ilikuwa imepasuka. Nikaja, nikiwa na harufu yangu. Nilipomaliza nikakaa kukijaribu, vidole vikagoma. Nikasikia moyoni, wazi kama ninavyowasikia ninyi: "Nani amekuuliza habari za manyoya? Mimi nakuuliza habari za gari."

Nilianguka chini. Nililia mpaka mwalimu akaja mbio. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami nilikuwa nimekwisha kuumbuka mbele za Mungu. Kesho yake nilishika njia ya Handeni.

Rebeka alikuwa anapepeta mahindi uani kwao. Alikuwa amezeeka, nami pia. Nikapiga magoti kwenye makapi.

"Rebeka, sikumroga. Lakini meneja alikuwa mbele yangu, na sikumwomba gari. Niliona haya."

Akaweka ungo chini.

"Manyoya sikuyaamini hata siku moja," alisema. "Nilikuwa nangoja useme hilo. Ningeyatetea kwa kaka zangu hayo manyoya yako, kama ungesema hilo siku ile."

Kisha akasema, "Nimekusamehe, baba Yohana. Lakini usiniombe nirudi."

Sikumwomba. Pombe iliniacha njiani nikirudi, sijaigusa tena. Asante, Yesu! Sina mke, sina mtoto, lakini nalala.

Ndugu zangu, mtumainini Bwana, hatawaacha kwa kuwa mmesema kweli. Kama una neno lako kwa mtu, nenda ukamwambie leo, angali anakusikia. Rebeka nilimkuta. Yohana sikumkuta.