Mzee Castory Ntahondi, Mlenga Shabaha wa Gungu

Ndugu zetu mliokuja kutusindikiza, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mzee wetu Castory Ntahondi, aliyezaliwa tarehe 11 Mei 1958 kijijini Kidahwe, mtoto wa pili wa Mzee Adolf na Mama Yunisi, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha mwaka 1978 akaajiriwa kuwa askari magereza, kazi aliyoifanya katika mikoa mbalimbali hadi alipostaafu hapa Kigoma mwaka 2018, miaka mingi akiwa mwalimu wa shabaha, mtu wa maneno machache na ubishi mwingi. Tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa na Mama Leonia, wakajaliwa watoto watatu, Devota, Gideon na Bariki.

Mwaka 2022 wastaafu walitangaziwa mashindano ya kulenga shabaha mjini Tabora, kwa bunduki za mtindo wa kijeshi zisizo na darubini, kila mtu aje na yake yenye kibali, na tangu siku hiyo Mama Leonia hakuwa na raha, kwani kisukari kilikwisha kuanza kumla mzee, naye mawazo yake yote yalikuwa kwenye bunduki. Mpya za Dar es Salaam zilipita uwezo wa mstaafu, ya mfanyabiashara mmoja wa mjini ilikuwa ya bei nafuu lakini ilifungwa darubini na haikuwa na kilengeo kingine chochote, ikabaki ya Mzee Yona wa Ilagala, mwindaji aliyeishiwa nguvu, bunduki kuukuu ambayo komeo lake la kufungia risasi liliganda likagoma kabisa, na wote waliotangulia kuitazama waliiacha wakisema imekufa kwa kutu.

Mzee Castory aliinusa, akacheka, maana Mzee Yona alikuwa akiipaka mawese, kama tunavyopaka kila kitu huku kwetu, nayo yakageuka gundi, ingawa mwenyewe mpaka leo anabisha. Hata hivyo hakuinunua siku hiyo, alihofia mtutu umeliwa kwa ndani, akawa anarudi Ilagala kila mara, anaisugua kwa mafuta ya taa, anachungulia mtutu kwenye mwanga, anaondoka bila uamuzi. Safari ya mwisho Mama Leonia alimsindikiza, na hapo moyo ukamlipuka, kwa sababu mumewe, aliyelenga kwa bega la kulia maisha yake yote, aliipachika bunduki ile bega la kushoto, naye akajua papo hapo kwamba jicho la kulia limekwenda na hakuambiwa. Alipomuuliza, alijibiwa, "Mama Devota, la kushoto linanitosha," na kwa kuwa komeo lilikuwa limeachia na mtutu ni mzima, akainunua, na kibali kilipotoka, bunduki ikaingia nyumbani na usingizi ukatoka.

Hofu ya Mama Leonia ilikuwa moja, kwamba jicho lililobaki litamzimikia mzee akiwa amelenga, naye kwa ubishi wake asikubali, risasi iende isikotakiwa. Tarehe 8 Julai 2023 alikaa nyuma ya kamba kule Tabora, akamtazama mzee akilala kifudifudi na kupiga duru ya kwanza, risasi zote ndani ya shabaha. Duru ya pili akalenga, akakawia, akakawia mno, watu wakaanza kunong'ona, kisha akaichomoa risasi bila kuipiga, akaacha komeo wazi, akainua mkono na kumwambia msimamizi kwa sauti iliyosikika na kila mtu, "Afande, shabaha siioni tena." Mama Leonia alilia palepale, akapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu Ilagala.

Waliporudi, mzee alikwenda kuikabidhi bunduki polisi kwa hiari yake. Mwezi Januari 2024 figo zilianza kushindwa, akatibiwa na kulazwa mara kadhaa, hadi alipofariki alfajiri ya tarehe 3 Machi 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Gungu mliopika na kukesha nasi, askari wenzake waliotoka mbali, na Mzee Yona aliyefika licha ya miguu yake. Mzee wetu, silaha uliiweka chini mwenyewe bila kulazimishwa na mtu, basi lala, upumzike kwa amani.